Jarida limekuandika vibaya: jaji anaangalia nini kabla ya kusema ni kashfa?

Mhariri Mstaafu

Wakuu, habari za jioni.

Mtu akiandikwa vibaya na jarida, ushauri anaopewa ni mmoja tu: "Kamshtaki, hiyo ni kashfa." Wapo wanaouza kiwanja wakamlipa wakili, halafu kesi inafia kwenye swali ambalo hakuna aliyewauliza mapema. Swali lenyewe ni hili: maneno yale, yalivyochapishwa pale, yanaweza kubeba maana ya kumshushia mtu hadhi? Jaji haanzi na machozi ya mdai wala roho mbaya ya mhariri. Anaanza na karatasi iliyo mbele yake.

Nimefanya kazi chumba cha habari kwa muda mrefu, sehemu kubwa kwenye majarida, na nimeona watu wenye madai halali wakishindwa kwa sababu walipigania sentensi isiyo na kesi wakaiacha yenye kesi. Inaniuma. Nitaeleza ninavyoelewa, wanasheria wa humu waongezee.

Sheria yetu ya kashfa Tanzania, Kenya na Uganda ina mizizi Uingereza, ndiyo maana mawakili wetu wananukuu hukumu za huko kila siku. Kipimo kinachotajwa kuliko vyote ni cha Lord Atkin katika Sim dhidi ya Stretch, 1936: je, maneno haya yanaelekea kumshusha mdai machoni pa watu wenye fikra timamu katika jamii? Kesi ilitokana na telegramu. Mtumishi wa ndani alirudi kwa tajiri wake wa zamani, na tajiri huyo akampelekea mwajiri aliyeachwa, ambaye ndiye mdai, telegramu kwamba atume vitu vya mtumishi huyo, mshahara wake, na hela "ulizokopa". Mdai akasema anaonyeshwa kama mtu wa kukopa kwa mtumishi wake na asiyelipa mishahara. Kule chini alishinda. House of Lords, iliyokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa, ikasema maneno yale hayana uwezo huo.

Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ililiweka jambo hilo kwa hatua mbili katika Onama dhidi ya Uganda Argus, 1969. Felix Onama alikuwa waziri Uganda, na mdaiwa ni gazeti. Kwanza, tafuta maneno yanampa maana gani mtu wa kawaida. Ukishaipata, ndipo uulize kama mtu mwenye busara aliyefikiwa na chapisho lile, katika mazingira yale, angelielewa kuwa linamvunjia mdai heshima. Watu wengi wanaruka hatua ya kwanza. Wanafika na "nimedhalilishwa" kabla hawajaonyesha maneno yanasema nini.

Uingereza hatua hizi ziligawanywa: jaji aliamua kama maneno yana uwezo wa kuwa kashfa, kisha juri, yaani raia wa kawaida, ikaamua kama kweli ni kashfa. Ndiyo maana hukumu za zamani zimejaa hilo neno "uwezo". Tangu sheria yao ya 2013 juri imekuwa nadra hata kwao. Huku kwetu kesi za madai hazina juri, jaji anabeba yote mawili.

Kwa upande wa majarida, hukumu ninayoirudia ni Jeynes dhidi ya News Magazines, Mahakama ya Rufani ya Uingereza, 2008. Jarida lilikuwa Love It!, la visa vya maisha ya watu na mastaa. Mwanamke aliyewahi kuonekana kwenye kipindi cha televisheni alilalamikia kichwa cha habari, akashindwa, kwa sababu maana aliyoitaka ilipatikana kwa kuyakamua maneno. Jaji Sir Anthony Clarke akakusanya kanuni nane zilizokuwa zimetapakaa kwenye hukumu za nyuma.

Mama wa zote ni busara. Msomaji anayefikiriwa si mjinga, na wala si mtu wa kushuku kila kitu. Anaweza kusoma yaliyo katikati ya mistari, na huruka kwenye hitimisho haraka kuliko mwanasheria, lakini hana kiu ya umbea kiasi cha kung'ang'ania maana chafu pale ambapo maana nyingine zipo. Uchambuzi wa kupitiliza unaepukwa. Alichokusudia mchapishaji hakihesabiki. Habari inasomwa nzima, sumu (maneno ya kukashifu) na dawa yake (maelezo ya kusafisha) pamoja. Msomaji huyo anawakilisha wale wanaosoma chapisho hilo hasa. Maana iliyolazimishwa inatupwa, na haitoshi kusema kuna mtu mahali fulani angeweza kuelewa vibaya.

Karibuni tujadili.

---

Ngosha wa Nyakato

Mkuu, shikamoo. Uzi huu umenikuta pabaya.

Dada yangu alipigwa picha kwenye harusi ya rafiki yake, kavaa sare ya kamati, anacheka. Miezi kadhaa baadaye jarida moja la mambo ya mapenzi likaiweka picha ile kwenye jalada. Juu yake maandishi mekundu: "WANAOVUNJA NDOA ZA WATU." Ndani kuna makala kuhusu michepuko, hakuna jina lake hata mara moja. Alipowapigia, wakamjibu kwamba kuna maelezo madogo yanayosema "picha haihusiani na habari". Ana duka la vitambaa. Wateja wake akina mama walianza kupita mbele ya duka bila kuingia.

Hapo kuna kesi au hakuna?

---

Mhariri Mstaafu

Marahaba ndugu yangu. Pole kwa dada, na mpe pole zangu.

Tuanze na maana. Picha na maandishi yaliyolala juu yake vinasomwa pamoja. Mtu wa kawaida akiona uso wa mwanamke anayecheka chini ya maneno yale, anaelewa kwamba huyu ni mmoja wao. Hiyo ni maana ya wazi, haihitaji kukamuliwa. Kumwambia mwanamke anavunja ndoa za watu kunamshushia hadhi, sidhani kama kuna jaji wa Mwanza atakayehangaika na hilo. Tanzania kifungu cha 35 cha Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 kinaizungumzia kashfa kama jambo linaloelekea kuharibu sifa ya mtu kwa kumweka kwenye chuki, dharau au dhihaka, au kumuumiza katika kazi na biashara yake. Duka la vitambaa linaingia humo.

Kutotajwa jina si kinga yao. Uso ni utambulisho. Kinachotakiwa ni watu wenye busara wanaomfahamu kuelewa kwamba ni yeye, na hapa uso wenyewe umechapishwa.

Wala wasikwambie "hatukukusudia". Soma Cassidy dhidi ya Daily Mirror, 1929. Gazeti lilichapisha picha ya bwana mmoja akiwa na mwanamke, kwa maelezo kwamba wawili hao wametangaza uchumba. Bwana alikuwa na mke, na gazeti halikujua. Mke akashtaki: wanaonifahamu sasa wataamini sijaolewa, naishi naye tu. Alishinda, akapewa pauni 500. Gazeti halikuwa na ubaya naye hata kidogo.

Tatizo la dada yako ni ile dawa. Hapo ndipo kesi itakapopiganiwa, kwa hiyo nitakaa hapo.

Kuna hukumu ya House of Lords ya 1995, Charleston dhidi ya News Group Newspapers. Gazeti la News of the World lilichapisha picha za waigizaji wawili wa tamthilia ya Neighbours, nyuso zao zikiwa zimebandikwa juu ya miili ya watu wengine walio uchi, katika tendo la aibu. Kichwa kikubwa juu. Ukisoma maandishi chini unaambiwa kwamba picha zimetengenezwa na watu wa mchezo wa kompyuta, na waigizaji wenyewe hawakujua lolote. Mawakili wao wakasema: wako maelfu wanaotazama picha na kichwa tu, hao wameamini uchafu ule, hivyo turuhusuni tudai kwa niaba ya kundi hilo. House of Lords ikakataa. Maneno yana maana moja tu mbele ya sheria, na maana hiyo ni ya msomaji wa kawaida aliyesoma habari yote. Hukumu haigawanywi kwa makundi ya wasomaji. Waigizaji wakashindwa.

Jarida la dada yako litakimbilia hukumu hiyo. Lakini katika hukumu hiyohiyo Lord Nicholls aliweka onyo ambalo wahariri wengi hawalinukuu: anayechapa kichwa cha habari cha kukashifu anacheza na moto. Maelezo ya kusafisha yakiwa yamefichwa chini sana, au yamepelekwa kwenye ukurasa mwingine ambako habari inaendelea, msomaji wa kawaida hawezi kutarajiwa kuyaona. Dawa lazima iwe mahali ambapo aliyemeza sumu ataikuta.

Kwa hiyo niambie: ile "picha haihusiani na habari" iko ukurasa gani, na kwa maandishi ya ukubwa gani?

---

Binti Pongwe

Mhariri, kwa heshima zote, hiyo hukumu ya Charleston mimi siikubali hata kidogo kwa mazingira yetu.

Njoo asubuhi pale stendi ya Tanga, kwenye meza ya muuza magazeti. Watu kumi wamesimama, mikono nyuma, wanasoma kurasa za mbele. Atakayenunua ni mmoja. Waliobaki wanapanda daladala na kile kichwa cha habari kichwani, na mchana wamekisimulia sokoni. Asubuhi hiyohiyo redio inasoma vichwa vya magazeti nchi nzima. Sasa huyo msomaji aliyesoma habari yote mpaka mwisho ni nani? Ni mtu wa kwenye vitabu vya sheria. Dada wa Ngosha ameumizwa na wale tisa, yule mmoja aliyenunua pengine ndiye pekee anayejua ukweli.

---

Mhariri Mstaafu

Binti Pongwe, hoja yako ni nzito na kwa sehemu kubwa niko upande wako.

Nitamtetea Lord Bridge kwa jambo moja kwanza, kwani ndiye aliyeandika hukumu kuu. Kama kila kundi la wasomaji lingeruhusiwa kuja na maana yake, hakuna mwandishi angelala. Ungeandika "hakuhusika" na mtu angekushtaki kwa niaba ya walioishia kwenye neno la kabla yake. Maana moja inawalinda hata waandishi waaminifu.

Lakini jalada la jarida ni kitu cha pekee. Limetengenezwa lisomwe likiwa peke yake mezani, kwa mbali, na mtu ambaye bado hajanunua. Nimekaa kwenye vikao vya kuchagua majalada. Mjadala mzima ni kuhusu mtu anayepita, anayeangalia kwa sekunde mbili. Hakuna anayeuliza aliyefika ukurasa wa 20 ataelewa nini. Sasa iweje ofisi iuze jalada kwa msomaji wa sekunde mbili, halafu ikishtakiwa imlete mahakamani msomaji wa saa nzima?

Mlango naouona uko kwenye ile kanuni ya Jeynes, kwamba msomaji anawakilisha wale wanaolisoma chapisho hilo. Wakili makini anaweza kuleta ushahidi wa namna jarida linavyouzwa na kuonyeshwa, halafu aseme: jalada hili, kwa watu hawa, ni chapisho linalojitosheleza. Charleston ilihusu kichwa, picha na maelezo yaliyokaa pamoja, msomaji akishusha macho kidogo tu ameyakuta. Jalada na maelezo ya ndani ni mambo mawili mbalimbali kabisa. Na hukumu za Uingereza za 1995 hazimfungi jaji wetu, ni za kumshawishi tu. Natamani apatikane mtu wa kuisukuma hoja hiyo mpaka Mahakama ya Rufani.

---

Wakili wa Machakos

Hamjambo wenzangu. Niongeze ya kwetu Kenya, maana hizi kesi nazishughulikia.

Ngosha, dadako asiende kortini peke yake. Majaji wetu wamerudia mara nyingi kwamba sifa ya mtu iko kwa watu wengine, si kwake mwenyewe. Mdai akisimama kizimbani akasema "niliumia sana" na hana shahidi mwingine, fidia huwa ndogo au madai yanaanguka. Mlete mteja aseme: nililiona lile jalada, nikaamini, nikaacha kununua kwake. Shahidi mmoja wa namna hiyo anaweza kuwa na uzito kuliko barua kumi za wakili.

La pili ni muda. Kenya ni miezi 12 tangu kuchapishwa, basi. Uingereza pia ni mwaka mmoja. Nimewafukuza wateja wenye kesi nzuri sana kwa kuwa walikaa wakingoja wazee wasuluhishe. Huko Tanzania mwulizeni wakili siku ya kwanza kabisa mnayoonana.

La tatu, jarida likisema mtu ametenda kosa la jinai, uzito unapanda. Sheria yetu ya kashfa, Sura ya 36, kifungu cha 16A, imeweka kiwango cha chini: kosa la adhabu ya kifo, fidia haishuki chini ya shilingi milioni moja, kosa la kifungo kisichopungua miaka mitatu, haishuki chini ya 400,000. Na tusichanganye haya na kufungwa jela. Jaji Mativo alikitupa kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, cha kashfa ya jinai, tarehe 6 Februari 2017, katika kesi ya Jacqueline Okuta. Tangu hapo mwandishi wetu anadaiwa pesa, hawekwi ndani kwa kifungu hicho.

---

Kibarua wa Kalamu

Swali kwa wote wawili. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Mhariri wangu ananiambia nikiweka "inasemekana" au "anachunguzwa" niko salama. Ni kweli?

---

Mhariri Mstaafu

"Inasemekana" haikukingi. "Anachunguzwa" inategemea. Yote mawili yako kwenye kesi moja, Lewis dhidi ya Daily Telegraph, iliyoamuliwa House of Lords mwaka 1963.

Mwisho wa 1958 magazeti mawili ya London yaliandika kwamba kikosi cha polisi cha makosa ya ulaghai kinachunguza kampuni ya Rubber Improvement, ambayo mwenyekiti wake alikuwa John Lewis. Juri ikawapiga magazeti fidia kubwa mno kwa wakati ule, zaidi ya pauni 200,000 ukijumlisha. Mahakama ya Rufani ikafuta na kuagiza kesi zisikilizwe upya, na House of Lords ikakubaliana nayo. Walikubali kwamba kusema mtu anachunguzwa kunaweza kumshushia hadhi. Walichokataa ni kwamba habari ile ilikuwa na uwezo wa kumaanisha Lewis na kampuni yake wana hatia. Msomaji wa kawaida, wakasema, akisikia polisi wanachunguza, hakimbilii kusema mtu ameiba. Kama ingekuwa hivyo hakuna uchunguzi wowote ambao ungeweza kuripotiwa.

Baadaye, katika kesi ya Chase dhidi ya News Group ya 2002, ngazi zikawekwa wazi: kusema ana hatia, kusema kuna sababu za kumshuku, na kusema kuna sababu za kumchunguza. Kila ngazi ina uthibitisho wake. Ukiandika "TAKUKURU yamchunguza ofisa" na kweli anachunguzwa, unasimama ngazi ya chini na una cha kuthibitisha. Ukiweka kichwa "OFISA ALIVYOKOMBA MAMILIONI" halafu ndani ukaeleza uchunguzi tu, umepanda ngazi ya juu bila ushahidi wa ngazi hiyo. Nimeona hili likifanyika usiku, wakati mwandishi kalala nyumbani na mtu mwingine ofisini anatafuta kichwa cha kuuza. Mwandishi anaamka na kukuta jina lake chini ya kitu ambacho hakukiandika. Omba uone kichwa kabla hakijaenda kiwandani.

Sasa "inasemekana". Lord Devlin, mmoja wa majaji wa kesi hiyo ya Lewis, alieleza kwamba anayerudia uvumi anahesabiwa sawa na aliyeusema mwenyewe. Hawezi kujitetea kwa kuthibitisha kwamba uvumi ulikuwepo kweli. Waswahili husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Msomaji ana methali hiyo moyoni anapokutana na "wadau wanadai" yako, na jaji anajua kwamba anayo.

---

Mswahili wa Minnesota

Huku Marekani mambo ni tofauti kidogo, na kuna kesi moja inayohusu hasa kama chapisho ni gazeti au jarida.

Mwaka 1976 National Enquirer iliandika kwamba mchekeshaji Carol Burnett alikuwa anafanya vurugu kwenye mgahawa mjini Washington, akabishana na Henry Kissinger. Msomaji alielewa moja kwa moja: alikuwa amelewa. Wazazi wake waliharibiwa na pombe na yeye mwenyewe alikuwa akipiga vita ulevi, kwa hiyo ilimuuma mno. Mwaka 1981 juri ilimpa dola milioni 1.6. Jaji akazishusha hadi 800,000, na mahakama ya rufaa mwaka 1983 ikashusha tena hadi 200,000 kama atakubali, la sivyo ile fidia ya adhabu ikasikilizwe upya.

Enquirer walijitetea kwa sheria ya California inayoyapunguzia magazeti mzigo wa fidia yakichapisha masahihisho. Mahakama ikasema ninyi si gazeti, ninyi ni jarida. Sababu ni muda. Gazeti la kila siku linakimbizana na saa, haliwezi kuhakiki kila kitu. Enquirer ilikuwa na wiki moja hadi tatu kabla habari haijatoka, na mwenye wiki tatu hana kisingizio cha haraka.

Nadhani Ngosha aiangalie hiyo. Jarida la dada yake lilikuwa na muda wa kupiga simu moja.

---

Mhariri Mstaafu

Asante sana, mchango wa maana. Niseme tu kwamba hiyo ni sheria ya California, huku huwezi kuitumia kama ilivyo. Lakini mantiki ya muda ni ya kila mahali, hasa kwenye kukadiria fidia. Ofisi ya jarida ina wiki nzima na jalada lake.

---

Fundi Umeme Mbagala

Mimi niliripoti polisi nyumba inayouza gongo. Kijarida kimoja cha mtaani kikaniandika kuwa ni "mchomaji", nimewachoma wenzangu. Mtaa mzima umenigeuka, hata salamu sipewi. Siwezi kushtaki?

---

Wakili wa Machakos

Pole ndugu. Hapo sheria itakuvunja moyo. Mwaka 1937 Uingereza, Byrne dhidi ya Deane: mashine haramu za kamari ziliondolewa kwenye klabu ya gofu baada ya mtu kutoa taarifa polisi, na shairi likabandikwa ukutani likimlaani msaliti, huku jina la Byrne likidokezwa. Mahakama ya Rufani ikasema anayeripoti uhalifu hashuki machoni pa watu wenye fikra timamu, hata kama wenzake wa klabu wote wamemchukia. Kipimo ni jamii ya watu wema, si kikundi kilichokasirika.

Ila kama kijarida kiliongeza kwamba ulilipwa, au ulisingizia, hayo ni mengine. Yasome tena maneno yote.

---

Fundi Umeme Mbagala

Waliandika nimepewa laki mbili. Sikupewa hata mia.

---

Wakili wa Machakos

Basi pigania hilo la laki mbili, la "mchomaji" liache.

---

Binti Pongwe

Na sisi tunaoandika humu mitandaoni? Jaji anatupima kama jarida?

---

Mhariri Mstaafu

Kipimo ni kilekile, msomaji ndiye anayebadilika. Stocker dhidi ya Stocker, Mahakama ya Juu ya Uingereza, tarehe 3 Aprili 2019. Mwanamke aliandika Facebook kwamba mume wake wa zamani alijaribu kumkaba koo. Jaji wa kwanza akafungua kamusi, akakuta maana mbili: kuua kwa kukaba, au kubana shingo kwa maumivu. Akafikiri: kama "alijaribu" na mwanamke yuko hai, basi maneno yanamaanisha alijaribu kumuua. Mwanamke akashindwa.

Mahakama ya Juu ikaipindua. Mtu anayepitisha kidole kwenye Facebook hafungui kamusi, hapimi kila neno, anapita haraka na kubaki na picha ya jumla. Picha hiyo ni kwamba alimshika shingo. Rekodi za polisi zilionyesha alama nyekundu shingoni mwake. Akashinda.

Mkiisoma hukumu ile mtaona kwa nini nasema hoja ya jalada inawezekana. Mahakama iliyokubali kwamba msomaji wa Facebook anapita haraka haiko mbali sana na kukubali kwamba msomaji wa mezani pa muuza magazeti naye anapita haraka.

---

Ngosha wa Nyakato

Nimerudi. Shangazi amelihifadhi jarida lenyewe. Makala ya michepuko inaanzia ukurasa wa 6 mpaka wa 9. "Picha haihusiani na habari" haipo kwenye jalada, haipo kwenye makala. Iko ukurasa wa 31, chini ya tangazo la sabuni, pembeni ya majina ya wahariri, herufi ndogo mpaka nimetumia tochi ya simu. Na maneno yake si yale waliyomwambia dada kwenye simu, yanasema "picha za jalada ni za maonyesho tu".

---

Mhariri Mstaafu

Hapo nasimama na dada yako bila kusita. Aliyesoma makala yote, neno kwa neno, kuanzia ukurasa wa 6 hadi wa 9, bado hajakutana na dawa. Hata msomaji wa Charleston, yule mvumilivu wa kumaliza habari, angetoka akiamini huyu mama anavunja ndoa. Na hao walioweka maelezo chini ya sabuni walijua wanachokifanya. Nimekaa kwenye ofisi hizo, hakuna kinachoangukia ukurasa wa 31 kwa bahati mbaya.

Kuna utetezi mwingine watakaojaribu: ukweli, maoni ya haki, na kadhalika. Huo unakuja baada ya maana, na kwa picha ya harusi sioni watasimamia wapi.

Mwambie shangazi asikate jalada kulitoa. Jarida liende kwa wakili likiwa zima, kurasa zote, kwa sababu kesi yenu ni umbali kati ya jalada na ukurasa wa 31. Andika tarehe lilipoanza kuuzwa, na majina ya wateja wawili au watatu walioliona, kabla hawajasahau au hawajahama. Nenda wiki hii.

---

Ngosha wa Nyakato

Jumatatu asubuhi nampeleka. Mteja mmoja, jirani wa duka, amekubali kutoa ushahidi.